Ngozi Niliyomdai Mama

Mbarara, 10 Februari 2002

Mama mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mzima, ila kikohozi cha chumvi hakijaniacha. Habari za kambini Juru? Goti lako bado linakusumbua ukienda kisimani? Maharage yamechanua?

Mama, Nehemiya anayekuletea barua hii amebeba bahasha nyingine ndani ya soksi yake ya kushoto. Mwambie avue kiatu mbele yako, asiende kuvulia nyuma ya nyumba. Ni mtu mzuri, na maharage ya nusu ya Juru ndiye anayeyaleta sokoni huku, lakini mtu mzuri naye ana watoto wanaokula.

Ndani kuna pesa ya mbuzi jike mmoja. Nimepata kazi kwenye ghala la ngozi la mzee Sulait, huku Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi. Tunapokea ngozi, tunazikagua, tunazitia chumvi. Nataka unifugie mbuzi, nao wazaane, siku moja niwauze niende mpakani Kikagate kununua ngozi kwa jina langu mwenyewe. Sitaki kuzeeka nikipaka chumvi mali ya mtu.

Utaniuliza kwa nini nisiweke pesa huku. Benki waliniomba karatasi ambazo mkimbizi hana. Chumbani tunalala wanaume watano, na kila mmoja anajua godoro la mwenzake lina uvimbe wapi. Na likelemba, kuchanga kwa zamu, usinitajie kabisa. Baba alichanga na wenzake kule Baraka mwaka mzima, na zamu yetu ilipofika mshika pesa alikuwa ameshavuka ziwa. Baba alikufa akimtazamia.

Kwa hiyo benki yangu ni wewe. Usimwambie mtu.

Mwanao,
Pacifique


Juru, 3 Machi 2002

Mwanangu Pacifique,

Nimepata barua na soksi. Nehemiya alivua kiatu mbele yangu na mbele ya majirani wote, maana alikuja saa ya watu kutoka misa. Alisema, "Mama Goretti, mutoto wako ananiona mimi mwizi?" Nikamwambia hapana, anakuona mwenye miguu. Watu wakacheka. Siri yako sasa inajulikana mpaka kwa padri.

Goti liko vile vile. Maharage yanaendelea vizuri, Mungu atuepushie mvua ya mawe.

Nimenunua mbuzi mwenye mimba, rangi ya kahawa, na Kahawa ndiyo nimemwita. Usiku namlaza jikoni. Nawe ukumbuke kula vizuri, nasikia watu wa mjini wanakunywa chai mchana na kuiita chakula.

Kuhusu likelemba, wanawake wa jumuiya yetu wanayo, na kila mmoja amepata zamu yake. Aliyetula alikuwa mtu mmoja. Usiwavalishe watu wote sura yake. Baba yako alifanya hivyo mpaka hakubaki na rafiki wa kumbebea jeneza, tukaazima wageni.

Nakubusu.
Mama yako


Mbarara, 18 Agosti 2002

Mama mpenzi,

Amani ya Bwana iwe nawe. Kikohozi kimepungua. Nimefurahi kusikia Kahawa amezaa pacha, wote wazima. Ninakutumia pesa ya jike wa pili. Safari hii Nehemiya amekataa soksi, kwa hiyo nimeishonea ndani ya kola ya shati hili. Lifumue taratibu, shati ni zawadi yako.

Sasa Mama, usinielewe vibaya. Hapa ghalani kuna kijana aliyemwachia kaka yake ng'ombe watatu. Kila mwaka mmoja "alikufa". Alipokwenda kuwatazama alikuta kaka amepaka nyumba rangi.

Nakumbuka baba alipowaachia watu mifugo kule Fizi, mnyama akifa mchungaji alileta ngozi. Bila ngozi, hakuna kifo. Nataka na sisi tufanye hivyo. Mbuzi wangu akifa, niletee ngozi. Ni utaratibu tu, hata mzee Sulait anasema biashara na ndugu inataka utaratibu kuliko biashara na mgeni.

Mwanao,
Pacifique


Juru, 20 Novemba 2002

Pacifique,

Sisi tuko wazima. Natumaini nawe pia.

Kahawa amekufa Jumanne. Tumbo lilimvimba. Ngozi hii hapa, kama ulivyodai. Watoto wake walishaacha kunyonya, wanakula. Yule jike wa pili, Kipaku, ana mimba.

Mama yako


Mbarara, 1 Desemba 2002

Mama,

Habari za siku nyingi. Mimi ni mzima wa mwili.

Nimepokea ngozi. Niliikunjua juu ya meza ya ghala na nikaigeuza upande wa nyama, kama ninavyogeuza ngozi za watu kila siku. Mama, hii ndiyo kazi yangu. Mnyama aliyejifia, damu inamgandia ndani, na ngozi yake inakuwa nyekundu nzito, mishipa imejaa. Ngozi ya Kahawa ni nyeupe, safi. Na shingoni kuna mpasuko wa kisu, mkono wa mtu anayejua kuchinja.

Nilimwita mzee Sulait aitazame, nikidhani labda macho yangu yana chumvi. Akasema, "Hii nachinja, hapana kufa. Nani nakudanganya?" Nilisema ni ngozi ya mtu mmoja wa kijijini.

Halafu Nehemiya, bila kuulizwa, ananiambia siku ile alipita kwetu akakuta nyama inanukia na watu wamejaa uani.

Kama ulikuwa na njaa ungeniambia. Kama ulitaka kula kabla ya Noeli ungeniambia. Lakini uliandika "amekufa", na ngozi haijui kusema uongo. Inaniuma sana. Nimewashuku watu wote duniani, wewe tu nilikuacha nje.

Sitatuma tena pesa mpaka nijue mbuzi wangu wako wangapi.

Pacifique


Mbarara, 15 Februari 2003

Mama,

Salamu. Noeli imepita, mwaka mpya umepita, hujanijibu. Nehemiya nikimuuliza anasema uko mzima, unapalilia, na kwamba barua yangu uliipokea mkononi. Basi unanyamaza kwa makusudi. Mtu mwenye jibu anajibu.

Nimesikia pia uani kwetu kuna mbuzi mweusi. Mimi sikununua mweusi. Umemtoa wapi, na kwa pesa gani? Pasaka nitakuja kuhesabu mwenyewe.

Mwanao,
Pacifique


Juru, 9 Machi 2003

Kwa mwenye mbuzi,

Pokea salamu. Huku tuko wazima na mvua imeanza. Usije kuhesabu, safari ni gharama. Nehemiya anakuletea hesabu yenyewe, ina miguu.

Kahawa alikata kamba alfajiri, akaingia kwenye majani ya maharage yenye umande, akala mpaka tumbo likawa ngoma. Nilimmwagia mafuta mdomoni, nikamsugua. Jirani akaniambia, "Goretti, huyu anakufa. Ita Muhammed amuchinje mbele ya roho kutoka, tusipoteze nyama." Ndipo nikamwita Muhammed wa dukani, achinje yeye ili na Waislamu waweze kununua. Nyama yote niliiuza pale pale uani, mimi nikabaki na utumbo. Pesa yake nikaongezea ya maharage yangu, nikakununulia yule jike mweusi. Nilitaka uje umkute ucheke.

Kwangu mimi Kahawa alikufa. Kisu kilimtangulia kidogo tu. Niliandika kwa kifupi kwa sababu nilikuwa na hasira. Mtoto niliyemvusha ziwa mgongoni alikuwa ameniomba ngozi.

Utaratibu wa Fizi uliukumbuka nusu. Mchungaji analeta ngozi, ndiyo. Lakini pia katika kila watoto watatu wanaozaliwa, mmoja ni wake. Ngozi na ujira vinakwenda pamoja. Mama haombwi ngozi, na mama haombi ujira. Wewe umechagua ngozi.

Kahawa alizaa wawili, Kipaku amezaa mmoja. Nimechukua mmoja katika hao watatu, dume, ili wewe ubaki na majike. Wengine wote ni wako: Kipaku na mtoto wake, binti wa Kahawa, na mweusi. Shati nimelishona kola, nakurudishia, limo kwenye mfuko.

Aliyekuchungia mbuzi,
Goretti


Mbarara, 30 Machi 2003

Mama yangu,

Sijui nianze na salamu gani. Goti lako je? Mimi sili vizuri.

Nehemiya aliwashusha mbuzi wote mbele ya ghala, watu wakiangalia, akasema kwa sauti, "Bwana Pacifique, ya leo haikuingia mu soksi." Mtoto wa Kipaku alikuwa analia. Sikuwa na fasi ya kuwaweka. Niliwafunga nyuma ya ghala, wakalamba chumvi ya kazi usiku kucha. Asubuhi mzee Sulait akaja: "Wewe, hiyo mbuzi yako iko nakula chumvi yangu. Nani nalipa?" Nikamweleza yote, hata ile ngozi ilitoka kwa nani. Akaniambia yeye alipotoa yale maneno ya utaratibu hakujua ninamzungumzia mama.

Nimewauza sokoni wote wanne, kwa bei ya mtu mwenye haraka. Wanunuzi waliona nimechoka. Kikagate haitafikika kwa pesa hii. Sasa iko chini ya kichwa changu, na nikigeuka usingizini naamka kuipapasa. Wale wenzangu wanne wanalala vizuri kuliko mimi.

Nimekosa, Mama. Nisamehe. Kama bado wanawake wa jumuiya wana nafasi katika likelemba, nitampa Nehemiya pesa yote mkononi, nje ya bahasha, na usimwambie avue kitu. Zamu yangu iwe ya mwisho. Ila usiniandikie tena "mwenye mbuzi".

Mwanao,
Pacifique


Juru, 13 Aprili 2003

Mwanangu,

Yesu asifiwe. Goti linauma kwa ajili ya mvua, ni kawaida yake.

Nafasi iko. Wanawake walicheka kidogo niliposoma jina lako, kisha wakakubali. Zamu ya mwisho ni yako, na ikifika ndipo tutazungumza habari za Kikagate. Pesa usimpe Nehemiya. Siyo kwamba simwamini. Nataka uilete wewe, tukuone, umekonda au unatudanganya.

Mbuzi wa kufuga usinitumie tena, mimi nimeacha kazi hiyo. Ninaye dume wangu mmoja tu, amenenepa. Siku ya Pasaka nitamchinja kwa ajili yako. Utakula nyama na wenzako, na ngozi yake usiigeuze.

Mama yako