Baba Akisikiliza Mzinga

Kibaoni, Jumapili usiku

Nilijua tu Deo atataka kuongea. Kwenye kibanda chake cha video kila filamu anaitafsiri kwa maiki, na leo nilipokuja kuonyesha filamu niliyoitengeneza, alishaishika maiki kabla sijawasha projekta.

"Dada, picha isiyo na sauti watu watalala."

Nikamwambia aiweke chini. Nilikasirika, lakini kusema kweli na mimi niliogopa. Baba alikaa benchi la mbele. Tangu apate kiharusi hajatamka neno, na filamu yangu nzima ni yeye na mizinga yake ya nyuki.

Njia hii ya kuonyesha bila maneno nimeitoa kwenye filamu za zamani za maisha ya watu, za kabla ya sauti. Hazielezi mapema. Mtu anafanya kazi yake, kamera inamngoja, na wewe unabaki kujiuliza anatafuta nini.

Basi kwenye picha Baba akagonga mzinga, akaweka sikio. Akahamia wa pili.

Mama mmoja nyuma akauliza, "Huyu mzee anasikiliza nini?"

Deo akafungua mdomo. Nikamtazama, akaufunga.

Pale benchi la mbele Baba akageuka. Kwa ule mkono uliobaki na nguvu akagonga benchi, akatega sikio, halafu akatikisa kichwa: bado.

"Kumbe anasikiliza kama mzinga umejaa asali," yule mama akasema, na Baba akacheka.

Tangu augue, akiulizwa kitu tunamsemea sisi, mimi wa kwanza. Asante Mungu, leo nilinyamaza.