Ngitiri Yako na Krismasi ya Kijani ya Maduhu

Baba Milembe,

Mwangaluka, mume wangu. Nina jambo limenikaa kooni tangu Krismasi, na hapa nyumbani hakuna anayejua kunicheka kama wewe.

Mdogo wako Maduhu amekuwa mtu wa mazingira. Ndiyo, Maduhu yule yule aliyeteketeza shamba la mtama akimtafuta panya mmoja. Huko Geita anakonunua dhahabu amesikia kwamba watu wa maana siku hizi wanafanya Krismasi ya kijani, basi akaupigia simu ukoo mzima. Mwaka huu hakuna mti wa plastiki, hakuna maputo, tukutane Kharumwa kwa marehemu kaka, "nije niwafundishe."

Atufundishe sisi! Sahani zangu za bati ni zile zile za harusi yetu. Mfuko wa nailoni ukiruka uani naukimbiza kama mwizi kabla ng'ombe hajaumeza. Yeye ndiye aliyetuletea mwaka jana, Krismasi ya kwanza bila wewe, mti wa plastiki wenye theluji ya kupuliza. Theluji, Kharumwa, tope limefika magotini! Mjukuu wa dada yenu aliuliza kama mti una mapunye.

Safari hii akaja na gari lake, likiunguruma nje muda wote ili ubaridi wa ndani usipotee, na lori la kenta, tupu, nyuma yake. Akagawa fulana za kijani zilizoandikwa "Tunza Mazingira," kila moja ndani ya nailoni yake. Nikaipokea yangu kwa mikono miwili. Mgeni ni mgeni.

Baada ya misa, ukoo wote umekaa uani, akasimama. "Mti wa asili hauachi taka. Tunakata mmoja pale kwenye ngitiri ya kaka."

Ngitiri yako, yale malisho uliyoyatenga ya kiangazi! Unajua mwenyewe. Pale palikuwa kipara, ukapafunga, ukafukuza mbuzi wa watu, ukanuniwa na ndugu zako, mpaka migunga ikarudi na nyasi zikarudi. Mwezi wa tisa wenzetu wanahangaika na ng'ombe kutafuta malisho, wako wanashiba hapa hapa nyumbani. Na Maduhu anaizungukia tangu tulipoanua matanga. Kwenye mashimo ya dhahabu wanatafuta matimba, ile miti ya kuzuia udongo usiwafukie wachimbaji. Akikata mmoja mbele ya ukoo tukampigia makofi, kesho nitamkataza kwa mdomo gani? Mimi mjane. Mjane akikataa siku ya sikukuu, wanasema ana roho mbaya.

Ndipo binti yako akasimama. Acha nijisifu, nani atanisifia sasa? Milembe anasomea mifugo chuoni na anaongoza darasa. Kimo ni chako, kichwa ni changu, mimi niliyeishia la saba kwa sababu ya ng'ombe wa baba tu, akili ilikuwepo. Akapiga goti kwa adabu zote.

"Shikamoo tena, baba mdogo. Mti wa Krismasi ni mmoja. Kenta ya nini?"

Dereva wa kenta akaangalia viatu vyake.

"Mtoto huyu, maswali ya chuo!" Maduhu akacheka kile kicheko chake cha kununua watu. "Kenta imekuja kusalimia."

Dada yenu Kabula, nyama iko mdomoni, hakungoja hata kumeza. "Imekuja kusalimia na msumeno wa mnyororo? Haya, kata. Mwezi wa tisa ng'ombe wa kaka utawalisha fulana, si za kijani?"

Watu walicheka mpaka katekista akashika nguzo. Maduhu akasema kichwa kinamuuma. Mtu anaharibu mwaka mzima, halafu siku moja anavaa kijani anataka tumwite mwalimu! Pyuu!

Hakukata. Milembe akafunga vipande vya kanga kuukuu kwenye mgunga uliosimama mlangoni mwa ngitiri, watoto wakauimbia hapo hapo ulipo. Kila nyumba ilikuja na sahani zake, ikaondoka nazo. Kilichobaki ni mifupa, na mbwa wakaimaliza.

Walipokuwa wanaimba nilikutafuta kwa macho. Ujinga tu. Wewe ulikuwa unasimama nyuma kabisa, huimbi, unatazama malisho... Sikumaliza ule wimbo.

Baada ya sikukuu Milembe, mimi na Kabula tulikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Tumesema mbele yake kwamba ngitiri ni ya Milembe, Kabula akiwa shahidi. Maduhu aliitwa, akakubali mwenyewe kwa mdomo wake. Upande wa barabara tumeongeza ua wa minyaa.

Pumzika, baba. Nakuahidi kwamba wakati wa kuifungua wataingia ng'ombe, si msumeno, kama ulivyotaka. Na Maduhu akija tena nitampikia, maana ni damu yako. Atakula ashibe, na akigeuka barabarani ataiona migunga yote imesimama.

Mkeo,
Mama Milembe