Barua Iliyolala Mezani kwa Bi Osterkamp

Kwa mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai goti limepata nafuu, na baridi ya Novemba haikusumbui sana. Mimi mwilini ni mzima. Barua yako imenifikia. Nimesoma jinsi ulivyowatangazia kina mama wa kanisani kwamba mwanao sasa ni Mkurugenzi wa Kumbi za Maigizo za Jiji, na jinsi mlivyokula keki ya siagi kunipongeza. Nimeisoma kwa aibu, na sababu yake nitakueleza.

Wajua nimeitumikia idara hii miaka kumi na tisa. Kumbi zote tatu nazijua hadi mbao za jukwaani zinazolia ukizikanyaga. Mkurugenzi wa zamani alipostaafu mwaka juzi, hata wanawake wanaopokea makoti mlangoni walinipongeza mapema. Cheo akapewa Reinhild Osterkamp, mwenye miaka thelathini na minane, kutoka mji mwingine. Kwamba nilikosa nilikuambia. Jinsi roho ilivyoniuma sikukuambia.

Wiki mbili hazijaisha, alishawajua mafundi wote wa taa kwa majina. Waigizaji walimkumbatia yeye; mimi walinipa mkono. Bawabu Knaup akanichokoza mbele za watu, ati, “Wiechers, huyu mama kaja juzi tu, mbwa wangu keshamzoea. Wewe miaka yote hii bado anakubwekea!” Watu wakaangua kicheko. Nami nilicheka, Mama, huku nikimwombea mwanamke yule aanguke. Akisifiwa gazetini nilikosa hamu ya kula.

Msimu huu madiwani waliamua kuachana na Brandis, mkuu wa ukumbi mkubwa, kwa kuwa nusu ya viti vyake vilikuwa vitupu. Lakini mkataba wa namna hiyo haufi wenyewe. Barua ya kuusitisha isipomfikia mwenyewe kabla Oktoba haijaisha, unaendelea msimu mwingine mzima. Bi Osterkamp aliisaini barua hiyo mapema, wiki nzima kabla ya siku ya mwisho.

Tarehe tatu Novemba Brandis alikuja ofisini akitabasamu, akasema hakupokea kitu, basi tutakuwa naye tena mwakani. Tulipekua kila mahali. Barua ikapatikana mezani kwa Bi Osterkamp, chini ya michoro ya mpangilio wa viti vya ukumbi. Alimwambia meya kwamba bila shaka aliisaini akaisahau, kosa ni lake na hana wa kumlaumu. Akajiuzulu siku hiyohiyo. Mafundi wa taa walimsindikiza hadi nje, wengine wanalia. Kesho yake meya akaniita mimi.

Mama, hakuisahau. Jalada la karatasi zilizosainiwa hupitia mikononi mwangu. Niliitoa barua ile, nikangoja aende kula chakula cha mchana, nikaichomeka chini ya michoro yake. Kisha nikakaa siku nane nikimwona akipita, akinisalimu, na sikusema neno. Hakuna aliyenituma. Ni kijicho tu.

Jana nimepata kadi yake. Anasema amefurahi cheo kimekuja kwangu, kwa sababu katika ofisi nzima mimi ndiye mtu ambaye hajawahi kupoteza karatasi. Ameongeza kwamba kwa sasa yuko kwa dada yake, analala vizuri na kula vizuri. Ungetegemea nijute niliposoma hayo, na nilijuta kweli. Lakini kilichotangulia, Mama, kilikuwa wivu. Nimemnyang'anya kila kitu, na bado ana kitu ninachokitamani.

Kina mama wa kanisani waambie utakalo. Mimi naomba usinipongeze tena. Nisalimie Shangazi Irmgard, na ujifunike vizuri.

Mwanao,
Detlef