Vifurushi vya Kerneli Isiyo Yako

9 Juni, miaka mitatu tangu niondoke

Mdogo wangu,

Uliponiuliza kwa nini moduli yako ya kerneli, kile kiini cha mfumo wa kompyuta, inagoma kujengeka kwenye kompyuta pepe, nilikujibu kwa kujiamini: "Weka vifurushi vya programu za kerneli vilivyo vipya kabisa." Ukaniamini, mashine ikagoma kuwaka, na mtihani ukakupita.

Njia ya mwongo ni fupi. Mimi si injinia, nafagia chumba cha mainjinia. Jana nilimuuliza mmoja, akacheka: "Mzee wa ufagio! Vifurushi vilingane na kerneli inayotumika, upya wa nini?"

Mwonyeshe mwalimu barua hii, huenda akakuruhusu kuurudia mtihani. Mama naye msomee, maana ndiye anayenitangaza kwa majirani kuwa injinia.

Nitarudi Desemba, mkinipokea.

Kaka yako, mfagiaji