Usukani Ulioangalia Juu

Mjukuu wangu, mke wangu Wakesho,

Magoti ya nyanyako yamepata nafuu, na yule mbuzi wako amezaa mapacha. Hapa Voi tuko salama, ila ujumbe wako umeniharibia chai. Huyo muuzaji wa huko Eldoret umemwambia bega lako linauma, halafu anakuchagulia baiskeli ya kuinama na kukuambia "utazoea"? Hana adabu!

Neno hilo nalijua. Nikiwa kijana nilipeleka maziwa kutoka Chawia hadi Mwatate kwa baiskeli ya mbio, usukani umejikunja chini kama pembe za kondoo. Bega langu lilikuwa limewahi kuteguka. Fundi akaniambia, "Utazoea." Kweli, nikazoea: nikazoea kusimama kila kona nilisugue bega, wapeleka maziwa wenzangu wakinipita.

Siku moja nilishikwa na hasira, nikachukua spana nikaugeuza ule usukani, pembe zikaangalia juu. Soko zima la Chawia lilinicheka, na wapeleka maziwa wenzangu pia. Lakini sasa mgongo ulinyooka, viwiko vikalegea, na uzito wangu ukakaa kwenye siti badala ya mikononi. Nilifika Mwatate bila kusimama hata mara moja. Waliocheka walinikuta nimeshashusha maziwa.

Basi tafuta baiskeli nyepesi yenye gia, usukani uwe juu na karibu nawe. Iendeshe nusu saa nzima kabla ya kuinunua. Na huyo bwana akirudia "utazoea", muulize: kwa bega la nani?

Mumeo mzee,
Babu