Mama Riziki Hana Mbunge Upande Huu wa Barabara

Columbus, Ijumaa, mwishoni mwa Septemba 2016

Manyunyu tangu asubuhi, baridi ya kwanza ya msimu, na mimi nina hasira. Sina pa kuipeleka, kwa hivyo naileta hapa.

Leo niliomba ruhusa kazini nikampeleka Mama Riziki kwenye ofisi ya mbunge. Ofisi ya pili, kwa sababu ya kwanza ilishamkataa. Na hii ya pili nayo ilikuwa imeshamkataa kwa simu.

Wacha nianze mwanzo, maana nikiwa na hasira huwa narukaruka.

Mama Riziki ni Mkongo, mtu wa Uvira. Alikaa kambini Kigoma miaka mingi kabla ya kuletwa hapa na wanawe wawili wadogo. Kazi yake ni kutunza wazee. Anawaogesha, anawageuza kitandani, anawaimbia nyimbo za kanisani wasizozielewa na wanatulia. Binti yake mkubwa, Riziki mwenyewe, alibaki nyuma. Siku familia ilipoandikishwa alikuwa kwa shangazi yake ng'ambo ya ziwa, na jina lake halikuingia kwenye orodha. Basi Mama alipoapa kuwa raia, jambo la kwanza alilofanya ni kumwombea mtoto wake ruhusa ya kuja. Ombi likakubaliwa. Riziki akasafiri hadi Dar es Salaam, akapimwa na daktari wa ubalozi, akahojiwa, akaambiwa arudi kambini asubiri.

Akasubiri. Faili likanyamaza kimya.

Hapo ndipo ninapoingia mimi, na laiti ningebaki nje.

Mimi ni Mkenya. Nilikuja kusoma Buffalo, kazi ikanileta Columbus, na siku hizi Jumapili zangu nyingi nazitumia na kikundi cha kusajili wapiga kura. Hatuna chama. Hatumwambii mtu amchague nani. Tunahakikisha tu amesajiliwa na anajua kituo chake. Mwezi wa Juni tuliweka meza nje ya kanisa la Wakongo. Mama Riziki alijaza fomu yake taratibu, herufi kubwakubwa, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo kama mtoto wa shule. Nikamwambia, kwa majivuno ya mtu anayejua mambo, "Mama, sasa una mbunge wako Washington. Si wa kupigia kura tu. Ofisi yake inaweza kuwauliza watu wa ubalozi faili la Riziki limekwama wapi."

Hilo ni kweli kabisa. Ofisi zao hufanya kazi hiyo kila siku.

Kisha nikampa namba ya simu ya mbunge wangu.

Naishi mkabala na nyumba yake. Kuna barabara moja tu kati yetu. Nikisimama dirishani naona kibaraza chake na vitenge alivyoanika, na asubuhi tunapungiana mikono. Haikunipitia akilini hata siku moja kwamba majirani wa namna hiyo wanaweza kuwa na wabunge tofauti.

Wanaweza.

Ofisi ya kwanza, yangu mimi, ilipokea fomu yake ya idhini ya kufuatilia faili ikakaa nayo karibu mwezi mzima. Halafu ikamtumia barua: wewe si mkazi wa eneo bunge letu, wasiliana na ofisi fulani. Akapiga simu kwa hao. Wakamuuliza namba ya posta ya mtaa wake, wakaiingiza kwenye kompyuta, wakamwambia hapana, namba hiyo ni ya wale wa kwanza. Akarudi kwa wa kwanza. Wakamjibu kwamba barua walishamwandikia, aisome. Alipiga simu wakati wa mapumziko yake, amesimama kwenye korido ya nyumba ya wazee, glavu mfukoni, akisubiri muziki wa simu uishe. Wiki baada ya wiki.

Wala hakuniambia. Niligundua wiki mbili zilizopita tulipokutana kwenye mashine za kufulia, nikamuuliza Riziki amefikia wapi. Nilipomlaumu kwa kukaa kimya, alitazama chini.

"Bon, dada, nilikuwa nawaza ni kinywa yangu," akasema. "Kingereza yangu haiko muzuri. Ndugu yangu Faustin alipiga simu mara moja tu, bakamusaidia. Nikasema, basi mubaya ni miye."

Faustin ni mdogo wake, yuko Louisville, anafanya kazi kwenye ghala huko Okolona. Faili la mke wake lilipokwama, alipiga simu ofisi moja na baada ya siku chache barua ikaenda ubalozini. Kiingereza chake ni kibovu kuliko cha dada yake! Tofauti ni kwamba pale anapoishi, ukimuuliza mtu yeyote kazini mbunge ni nani, utapewa jina moja. Hata mimi nilipokuwa Buffalo, ukiingia duka lolote pale Grant Street, awe Mburma awe Msomali anayekuhudumia, jina lilikuwa moja. Mji ni mji, una mtu wake wa kumlilia. Huku Columbus wamechukua mji mmoja wakaugawa vipande vitatu, viwili kati yake wakavishonea mashamba na vitongoji vya mbali, na sisi tuko kwenye mshono.

Mwanamke mzima, aliyevusha watoto wawili katikati ya vita, amekaa wiki kadhaa akiamini kosa ni matamshi yake.

Hilo ndilo linaloniunguza.

Basi leo tukaenda wenyewe, bila simu. Mama alivaa koti lake la kanisani. Alibeba bahasha yenye cheti cha uraia, kadi yake ya mpiga kura, bili ya umeme na barua ya ofisi ya kwanza, vyote ndani ya mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua. Aliyetupokea ni mama wa makamo, mpole, sitamsingizia. Hakutaka namba ya posta. Aliingiza anwani kamili, namba ya nyumba na kila kitu, kisha akatugeuzia kompyuta.

"Mnaona?" akasema. "Namba ya posta ni moja, ila mstari unapita katikati ya barabara. Upande huu ni wetu, ule ni wao. Watu wengi wa hapo huchanganyikiwa."

Alisema kwa tabasamu, kama mtu anayekueleza choo kiko wapi.

Mama Riziki akaniuliza kwa Kiswahili, "Anasema nini?"

"Anasema wewe ni wa hapa, Mama. Tangu mwanzo ulikuwa wa hapa."

Akasaini fomu mpya. Yule mama wa ofisini akaandika ujumbe kwa ubalozi mbele ya macho yetu. Haikuchukua hata dakika kumi. Nikahesabu kichwani wiki zote zile, nikaziweka kando ya dakika kumi zile.

Kisha akauliza vipimo vya daktari vya Riziki vilifanywa lini. Mama akatoa karatasi. Yule mama akaisoma, akavua miwani.

Vipimo hudumu miezi sita. Vya Riziki viliisha nguvu Jumanne. Jumanne ya wiki hii.

Maana yake Riziki aombe tena kibali cha kutoka kambini, apande tena basi hadi Dar, achomwe sindano upya, apigwe picha ya kifua upya, arudi asubiri upya. Barua hiyo ya dakika kumi ingeandikwa mwezi wa Julai, huenda saa hizi angekuwa anagombana na wadogo zake kwenye kochi la mama yake. Huenda. Sitajua.

Nilimweleza Mama tukiwa kwenye gari, kwa sababu sikuweza pale ndani. Na nikamweleza lile lingine pia. Kwamba namba niliyompa mwezi wa Juni ilikuwa ya mbunge wangu mimi, nikampa bila kuangalia.

Nilitarajia aniambie si kitu. Watu wazima wa kwetu hukufariji hata pale ulipowaumiza. Hakunifariji.

"Donc wewe, mutu wa kusoma," akasema polepole, "ulikaa pale na meza yako, na karatasi zako, na hukuangalia?"

"Sikuangalia, Mama. Nisamehe."

Tukafika taa nyekundu ya pili. Kisha, "Na hii laini, nani aliichora?"

Nikamwambia ni wanasiasa. Kwamba baada ya kila sensa walio madarakani hukaa na ramani wakachagua mitaa, huu njoo, ule nenda, ili kura ziwakae vizuri. Kwamba majimbo mengine wanaofanya hivyo ni wa chama hiki na mengine ni wa chama kile.

"Banajua kama kuko batu?"

"Wanajua, Mama. Wana hesabu ya kila nyumba."

Akageukia dirisha, akalia. Si kwa sauti. Nilitamani anitukane badala yake.

Sasa niandike lile lililonifanya nifungue ukurasa huu, maana hasira yangu ya leo haijaishia kwa wachora ramani.

Alhamisi ijayo kikundi chetu kina mkutano wa wananchi kwenye maktaba, kuhusu jinsi mipaka inavyochorwa na kwa nini inafaa ibadilishwe. Wiki mbili zilizopita, baada ya yale maongezi ya kwenye mashine za kufulia, niliandika ukurasa mmoja kuhusu Mama Riziki nikampelekea Carol, mratibu wetu. Carol ni mtu mwema, mwalimu mstaafu, hachoki. Alisoma akasema inagusa moyo, ila itaonekana kama tunazishambulia ofisi fulani, na sisi hatuna upande. Tubaki na ramani na maelezo, akasema.

Nikakubali. Nikakubali haraka mno.

Kwa sababu hadithi ile ikiondolewa, kosa langu nalo linaondoka. Huo ndio ukweli. Nilijificha nyuma ya neno zuri, kutoegemea upande, kama vile wao wanavyojificha nyuma ya mstari. Kutokuwa na chama hakumaanishi kutokuwa na mtu. Mama Riziki si chama. Aliuliza mtoto wake yuko wapi, basi.

Jioni hii alinipigia. Nilidhani ataniambia nisije tena mlangoni kwake. Aliuliza tu mkutano wa maktaba ni saa ngapi, na kama wale wa laini watakuwepo. Nikamwambia wabunge wa bunge la jimbo, ndio wachoraji wenyewe, wamealikwa, labda watatuma watu wao.

"Bon," akasema. "Ntabaambia mi mwenyewe. Wewe utageuza mu Kingereza."

Kesho asubuhi, kabla sijanywa chai, nitampigia Carol. Sitamwomba, nitamwarifu. Mama Riziki atasimama wa kwanza, kabla ya ramani, kwa Kiswahili chake cha Uvira, na mimi nitasimama kando yake nikitafsiri. Akisema alizungushwa, nitatafsiri. Akisema vipimo vya mtoto wake vimeisha nguvu wakati watu wakibishana juu ya barabara, nitatafsiri. Na akisema yule dada Mkenya wa meza ya kanisani alimpeleka ofisi isiyo yake kwa uvivu wa kuangalia, nitalitafsiri hilo pia, mbele ya Carol na kikundi kizima.

Ninalojiuliza usiku huu ni moja tu: likifika hapo, sitalainisha hata neno?