Kichwa Kimoja kwa Wawili

Jumatatu, 3 Machi

Leo hospitalini nimeingia kwenye mashine ya picha za kichwa mara mbili. Asubuhi kwa jina langu, mchana kwa jina la Pacha. Ajabu kulala mle! Du-du-du masikioni, halafu mwili ukawa mwepesi, nikajiona naelea juu ya mashuka yetu kule kazini dobini, mvuke umejaa hadi darini. Mara ya pili nilisinzia kabisa.

Pacha alifika mlangoni, akaliona lile tundu, akagoma. Tangu Mama apasuke mshipa wa kichwa na kuanguka jikoni, yeye hata lifti hapandi. Akaninong'oneza: ingia wewe, dada'angu, nani atajua? Shuleni tuliitikiana majina miaka saba, hatukukamatwa. Nikavaa sweta yake.

Alhamisi, 13 Machi

Majibu. Daktari ameduwaa — mapacha, kila mmoja ana kivimbe kwenye mshipa wa kichwa, milimita nne, palepale! Nikatazama viatu vyangu.

Akaeleza polepole. Ukubwa peke yake hausemi yote, mahali ndipo hasa. Hiki kiko nyuma ya jicho, kimezungukwa na mfupa. Vya hapo mara nyingi vinatulia tu, ni nadra kupasuka. Kingekuwa nyuma ya kichwa, au kwenye maungio ya mishipa mbele, hata kikiwa kidogo asingetuambia tusubiri mwaka. Kuna na pale mshipa unapotoa tawi la kwenda nyuma: kikikua hapo kinabana neva ya jicho, kope moja inalegea. Hapo hakuna kusubiri kesho.

Pacha katoka anaruka. Tumepona! — Tumepona akina nani? Picha zote mbili ni zangu! Akacheka: kilichomo kwako kimo kwangu, tumbo lilikuwa moja. Nikataka kuamini. Ni tamu kuamini.

Jumamosi, 15 Machi

Ndoto. Mama ananyoosha shuka kwa pasi, nyeupe, halina mwisho. Pembeni lipo jingine, limekunjwa. Hili hamjalifungua, anasema, wala hanuni. Nimeamka nanusa mvuke.

Jumatatu, 17 Machi

Pacha kichwa kinamgonga, upande wa kulia. Eti joto la pasi. Nimemwambia twende tukaseme ukweli. Kaninunia mpaka jioni. Nami nikanywea — mwoga mkubwa mimi!

Jumatano, 19 Machi

Tulikuwa tunakunja shuka kubwa, yeye ncha ile, mimi hii, tunasogeleana kama siku zote. Tulipokutana katikati nikamwona. Kope ya kulia imeanguka nusu. Unanishangaa nini wewe? Anacheka, hajui! Maisha yangu yote kumtazama yeye ni kujitazama. Leo si mimi.

Teksi. Sasa tuko kwenye benchi la hospitali, daftari mapajani. Muuguzi kafungua faili: kivimbe chake kiko mahali pazuri, picha ya juzijuzi tu, subirini zamu. Mbele yetu watu kumi na wanne. Jina lake, kichwa changu!

Pacha kanishika mkono, ananinong'oneza: usiseme, watanitia mle tunduni. Nampenda, na namwogopea.

Nimemwita muuguzi. Kageuka: ndiyo, dada? Pacha akaniwahi, kwa sauti ileile yangu: samahani, hakuna kitu.

Muuguzi anaondoka na faili. Nimesimama —